Tupime uvujaji kabla ya kubinafsisha maji

Ndugu Mhariri,

Nachangia hoja ya kubinafsisha maji na majitaka mijini. Dar es Salaam ilijaribu mwaka 2003 kwa mkataba wa miaka 10. Serikali iliuvunja Mei 2005. Kubadili mwenye kutoza bili hakuzibi bomba. Na kwenye mgao, maji yanaporudi husukuma hewa, mita ikazunguka bila tone: mteja analipia upepo, jambo lisilokubalika.

Hapa Moshi tuanze na mita ya kila kanda, yaani inayopima maji yote yanayoingia eneo moja la mtandao wa mabomba, isomwe saa 8 hadi saa 10 usiku, watu wamelala. Ikiendelea kwenda mbio, maji yanavuja, mara nyingi pale bomba la nyumba linapoungana na bomba kuu. Takwimu hizo zibandikwe ofisi za kata kabla ya mkataba wowote kusainiwa.

Mkazi wa Moshi