Majengo ya wizara Kivukoni yafanyiwe nini?

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Tangu 1973 tunaambiwa makao makuu ni Dodoma, ila watu wameanza kubeba mafaili kwelikweli 2016, na sasa ofisi nyingi zipo Mtumba, kule kwenye mji wa serikali Dodoma. Sawa, hongereni, lakini huku Dar yale majengo ya wizara pale Kivukoni mnayapangia nini jamani? Mengine ni ya enzi za Mjerumani, kuta nene, veranda pana, ukikaa ndani saa nane mchana hata feni huitaki, upepo wa bahari unatosha, alafu nasikia vijiweni watu wanasema bora yavunjwe yapigwe maghorofa ya vioo, vioo kwa jua hili la Dar! AC itakula umeme mpaka tulie. Mi naona yakarabatiwe, chini mama lishe na maduka, juu ofisi za kukodi, hata nyumba za watu wa kawaida, maana Posta saa kumi na mbili jioni wote tunagombania daladala mji unabaki na walinzi. Na mipango ibandikwe ukutani pale Feri kwenye foleni ya pantoni, tuisome tukisubiri.

Msomaji wenu, Kigamboni