Uwindaji wa nguruwe pori usiku utolewe mafichoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalofanyika karibu kila usiku wa msimu wa mvua katika vijiji vyetu vya Wilaya ya Chemba, jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema hadharani: wakulima na rafiki zao wanakwenda kuwawinda nguruwe pori gizani, bila kibali, bila kumwarifu kiongozi yeyote na bila mpango wowote wa usalama. Mimi ni mmoja wao, na siandiki ili kuwashitaki wenzangu. Ninaandika kuomba uwindaji huu utambuliwe na uwekewe utaratibu kabla haujamtoa mtu roho.

Asiyelima huku anaweza kudhani kwamba tunakwenda kwa ajili ya nyama au kwa ajili ya mchezo. Ukweli ni kwamba Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mara nyingi huwa na ukame katikati, kwa hiyo shamba likiharibiwa mwezi Machi hakuna kupanda tena hadi mwaka unaofuata. Nguruwe pori hulala vichakani mchana kutwa na hutoka giza likishaingia, akiwa na kundi lake. Huangusha bua zima ili ale hindi moja, na hindi lenyewe hulitafuna nusu akahamia jingine. Kwenye karanga hufukua tuta baada ya tuta kwa pua, na asubuhi ukilitazama shamba utadhani jembe la ng'ombe limepita. Msimu uliopita nilikosa kulinda usiku mmoja tu kwa sababu ya homa, na kulipokucha nikakuta karibu robo ekari ya mahindi imelala chini, mengi yake yakiwa hayajaguswa hata kwa jino.

Napenda nieleze hapa kwamba nguruwe pori si ngiri, maana hata baadhi ya viongozi wetu huwachanganya. Ngiri hutembea mchana, na usiku huingia kulala kwenye mashimo, mengi yakiwa yamechimbwa na muhanga, yule mnyama mla mchwa, kwa hiyo watoto wanaolinda shamba wakiwa na mbwa huweza kumfukuza jua likiwaka. Nguruwe pori ndiye anayetulazimisha kukesha.

Wazee wetu walikesha juu ya dungu, yaani jukwaa la kulindia shamba, wakiwasha moto na kugonga debe, na upande wa Wasandawe walikuwapo wapiga upinde hodari ambao mnyama huyu aliwajua vizuri. Dungu bado tunajenga. Tatizo ni kwamba nguruwe huzoea kelele upesi: wiki ya kwanza hukimbia, wiki ya pili husimama pembeni mwa shamba akisikiliza, na wiki ya tatu hula huku debe linalia. Hapo ndipo vijana huitana. Hukusanyika sita au wanane, wenye mbwa huja na mbwa wao, wengine huja na mikuki, mapanga na tochi za kichwani. Kwanza huangalia upepo unakotoka, kwa kuwa pua ya nguruwe ni kali kuliko macho yake, kisha baadhi hujibanza kwenye mapito anayotumia kurudi kichakani, na wengine huzunguka upande wa pili ili kulisukuma kundi. Sitaficha kwamba usiku wa namna hiyo una raha yake. Watu waliolima pamoja hukaa kimya saa tatu nzima wakisikiliza, na urafiki wa watu waliokesha hivyo una uzito wake. Lakini dume la nguruwe pori linaweza kufikia kilo 100, meno yake ya chini ni makali, na likijeruhiwa halikimbii bali hugeuka.

Ndivyo lilivyogeuka usiku ule ambao umenifanya niandike barua hii. Dume lilikuwa limechomwa mkuki begani, likaingia kichakani, na rafiki yangu akalifuata kwa kumwonea huruma mbwa wake aliyekuwa akilia humo ndani. Lilimkata paja kutoka karibu na goti hadi juu. Tulimfunga kwa shuka, tukambeba hadi barabarani na kutafuta pikipiki. Njiani, badala ya kushughulika na damu iliyokuwa ikimtoka, tulishughulika kupanga maneno ya kusema. Tulipofika kwenye zahanati tulisema ameangukia panga. Mhudumu aliliosha jeraha na kulishona kama la panga, kwa sababu ndivyo tulivyomwambia. Jeraha la jino la mnyama lina uchafu mwingi na linahitaji kutazamwa kwa namna nyingine. Baada ya siku nne paja lilivimba na kutoa usaha, na ndipo ukweli ukasemwa. Mwenzetu yu hai, ila anachechemea, na msimu huu amelimiwa na shemeji yake. Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani hasa kilichomuumiza zaidi, jino la nguruwe au uongo wetu, na mimi ninaamini ni uongo.

Tulisema uongo kwa kuogopa sheria, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamtaka anayewinda awe na leseni au kibali, na inakataza njia kadhaa tunazozitumia, ikiwemo kummulika mnyama kwa taa. Nyama na meno ya mnyama pori ni nyara za Serikali, na mtu akikutwa nazo bila kibali anaweza kujikuta katika kesi ya uhujumu uchumi. Kwa upande mwingine sheria haimnyimi mtu haki ya kujitetea au kutetea mali yake, mradi atoe taarifa haraka baada ya kuua. Mkulima anayemchoma mkuki nguruwe aliye ndani ya mahindi yake ana la kujitetea. Je, akimfuata hatua 50 hadi kichakani? Je, kama aliyemchoma ni rafiki aliyekuja kusaidia na shamba si lake? Kijijini hakuna aliyewahi kutufafanulia mpaka huo uko wapi, na mtu asiyejua mpaka huchagua kunyamaza.

Kuna jambo jingine linalozidisha hatari. Vijana wetu hutazama kwenye simu video za Wamarekani wanaowinda nguruwe usiku kwa bunduki zenye darubini za kuona gizani, wakicheka na kuhesabu mizoga, nao hutamani kuiga kwa magobore yasiyo na leseni. Wanapaswa kuelezwa kwamba nguruwe wale ni wa asili ya kufugwa: wahenga wao waliletwa na Wahispania katika karne ya 16, wakatoroka na kuzaana porini, na baadaye wakachanganyika na nguruwe mwitu wa Ulaya. Kule ni wageni waharibifu, na jimbo la Texas tangu mwaka 2019 halidai leseni ya kuwawinda katika ardhi ya mtu binafsi, mradi mwenye ardhi ameridhia. Nguruwe pori wetu ni mwenyeji wa nchi hii, ni chakula cha chui na fisi, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka kummaliza katika Pori la Akiba la Swagaswaga. Tunachotaka ni kumwondoa shambani. Hayo ni malengo mawili tofauti na hayawezi kuwa na utaratibu mmoja.

Nyama nayo ina mambo yake. Wengi wetu huku ni Waislamu na hatuili, kwa hiyo mzoga ama huachwa palepale, ama huchukuliwa usiku huohuo na watu wanaousafirisha kwa pikipiki hadi mabanda ya kitimoto bila ofisa mifugo kuuona. Nguruwe pori na ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wao wenyewe kuugua, ilhali ugonjwa huo ukiingia kwenye banda la nguruwe wa kufugwa huweza kuwaua karibu wote, na hauna tiba. Haumpati binadamu, lakini mabaki ya mzoga mmoja yakitupiwa nguruwe wa jirani yanaweza kumfilisi mtu aliyekopa ili afuge. Mlaji naye, nyama isipoiva sawasawa, anaweza kupata minyoo ya trikinela inayojificha kwenye misuli. Mambo haya yote yangedhibitika iwapo mzoga ungeripotiwa, lakini nani ataripoti kitu ambacho kinaweza kumpeleka mahakamani?

Kwa hiyo ninaiomba halmashauri yetu, pamoja na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, itufikirie hivi. Kuanzia Februari hadi mavuno, ofisa wanyamapori aandae zamu za usiku katika vijiji vinavyoshambuliwa zaidi, akiwa na askari mwenye silaha halali na mafunzo, na vikundi vya wakulima viandikishwe kwa mtendaji wa kijiji ili vishirikiane naye. Kikundi kisichoandikishwa kisitoke, kwa sababu mwaka juzi vikundi viwili vilikutana katika bonde moja bila kujuana na kidogo tu wachomane mikuki. Nyaya za kutegea na sumu vikatazwe kabisa, na sisi wenyewe tuwe wa kwanza kuwataja wanaovitumia, kwani waya haujui nguruwe na ndama, na sumu inayowekwa kwa ajili ya nguruwe huishia kwa mbwa wetu na kwa tai. Mzoga uonwe na ofisa mifugo wa kata, na usiotumika ufukiwe. Na zaidi ya yote, itangazwe wazi katika mkutano wa hadhara kwamba mtu aliyejeruhiwa na mnyama akafika zahanati na kusema kweli atatibiwa kwanza, na maswali yatafuata baadaye.

Najua askari wanyamapori ni wachache na kwamba tembo wa upande wa hifadhi wanachukua muda wao mwingi. Hata usiku mbili kwa mwezi katika kila kijiji ungekuwa mwanzo, kwa sababu kundi la nguruwe lililopoteza mmoja wao shambani hukaa mbali kwa muda, na muda huo ndio mahindi yanaouhitaji ili yakauke.

Barua ya maombi ya kikundi chetu tayari imeandikwa, ina majina 11 na muhuri wa kijiji, na jina la mwenzetu anayechechemea limo, maana ameomba apewe kazi ya kukaa juu ya dungu na kupuliza filimbi. Tunaomba ijibiwe kabla mahindi hayajaanza kubeba.

Mkulima,
Tarafa ya Kwa Mtoro, Wilaya ya Chemba, Dodoma
(Jina langu kamili nimemkabidhi mhariri)