Mazuku haiulizi nani ameokoka

Mheshimiwa Mhariri,

Mtu akifia shimoni huku Goma, matangani husemwa ni mapenzi ya Mungu, au basi karogwa. Mara nyingi ni mazuku, nayo ina kanuni zake.

Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka kwenye nyufa za mawe ya volkano, hasa magharibi mwa mji, njia ya Sake, kandokando ya Ziwa Kivu. Haina rangi. Ina uzito wa karibu mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, kwa hiyo hulala mabondeni kama maji. Mtu mzima anaweza kupita wima salama, mtoto anayemfuata akaanguka. Ikizidi asilimia 10, fahamu hupotea kwa dakika chache. Usiku na alfajiri ndiyo saa mbaya, kabla jua na upepo havijaitawanya.

Ukiona panya, wadudu au ndege wamekufa bondeni, rudi ulikotoka, panda juu. Anayechimba choo afungwe kamba tangu mwanzo, mwenzake abaki nje. Kosa kubwa ni la huruma: mmoja anaanguka, ndugu yake anaruka kumtoa, wanazikwa wawili. Mvute kwa kamba, mpeleke penye upepo, ndipo uombe (au omba huku unavuta).

Wachungaji wetu, haya yanaweza kutangazwa kwa dakika mbili tu kabla ya sadaka. Na mkesha usiwekwe bondeni, hata kama kiwanja ni cha bure.

Msomaji wenu,
Goma