Wazazi nao waandaliwe kabla ya vijana kwenda ng'ambo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenzangu wa Lamu ambao mwaka huu wanawapeleka watoto wao vyuoni Ujerumani, Uturuki, India na kwingineko. Tunahangaikia pasipoti, viza na nauli, tunasoma dua, tunawasindikiza gatini wavuke kwenda Manda kupanda ndege, kisha tunarudi nyumbani tukidhani kazi yetu imekwisha. Nami nilidhani hivyo mwanangu wa kwanza alipokwenda kusoma Berlin mwaka 2016, na ikapita karibu miaka miwili kabla sijajua aliyokuwa akiyapitia.

Kijana aliyelelewa mtaa wetu wa Langoni, ambako hapiti daka, yaani kibaraza cha mlangoni, bila kuwaamkia waliokaa, hujikuta katika jengo ambalo jirani hampigii jirani hodi bila miadi, na ambalo kuanzia saa nne usiku ni kimya hadi alfajiri. Hilo mwanangu alilizoea. Jua lilimsumbua zaidi, kwa kuwa hata saa zetu za Kiswahili huhesabiwa kwa jua lisilobadilika sana mwaka mzima, ilhali Desemba jua la Berlin huchomoza saa mbili na robo na kuchwa kabla ya saa kumi, na magharibi humkuta mtu bado yumo darasani. Ramadhani ya mwaka 2017, iliyoangukia zaidi mwezi wa Juni, alikuwa akifuturu saa tatu na nusu usiku, peke yake jikoni, huku akituambia kwa simu kwamba mambo ni mazuri.

Lililomwumiza kuliko yote ni adabu tuliyomfunza sisi wenyewe. Kwetu mwanafunzi hunyamaza mbele ya mwalimu, huinamisha macho, wala hampingi mkubwa. Huko, katika darasa la majadiliano, mhadhiri humtarajia mwanafunzi aulize, atilie shaka, hata amkosoe yeye mwenyewe, na anayenyamaza huonekana hakusoma. Mwanangu alinyamaza muhula mzima kwa heshima, akahesabiwa mvivu, na mitihani miwili akaanguka. Hakutuambia.

Nilipokuja kumwuliza kwa nini alificha, alitaja fedha. Leo mwanafunzi anayeomba viza ya Ujerumani kwa kawaida hutakiwa kuonyesha euro 11,904 za matumizi ya mwaka mmoja, mara nyingi katika akaunti maalumu inayomruhusu kutoa euro 992 tu kila mwezi. Na kwa familia nyingi za hapa fedha za namna hiyo ni dhahabu ya bibi iliyouzwa, shamba lililowekwa rehani, na michango ya kina ami na kina khalati. Aliyebeba amana kama hiyo hawezi kupiga simu na kusema ameanguka, hasa akiwa kila akipiga sisi twamwambia kwamba mtoto wa fulani amekwisha kuanza kutuma fedha nyumbani. Maneno hayo nilimwambia mwanangu kwa kinywa changu, na ninayajutia hadi leo.

Ombi langu ni kwamba vijana waliorudi wakutanishwe na wanaoondoka, hapa hapa Lamu, na wazazi wakae katika kikao hicho hicho wasikie. Wanaosimamia basari wanaweza kulifanya hilo kuwa sharti la kutoa fedha. Kijana afundishwe kuinua mkono darasani bila kuona amemvunjia mwalimu heshima. Mzazi naye aambiwe mapema kwamba muhula wa kwanza huweza kuwa mbaya, ili habari hiyo ikija isimkute na lawama mdomoni.

Mwanangu, ambaye sasa amehitimu na yuko nyumbani, amekubali kukaa na wanaoondoka kabla ya muhula wa Oktoba. Mimi nitakaa na wazazi wao. Mlango wetu uko wazi kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri.

Mzazi,
Langoni, Lamu