Nahodha akisema hatuondoki, tusimzomee

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi niseme neno juu ya safari zetu za bahari, ingawa nitaanzia mbali, kwenye barafu.

Nilikaa Uswisi miaka mitatu nikiosha vyombo hotelini. Huko nilijifunza kuteleza kwenye theluji kwa ski, zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni, na Aprili moja wenzangu wa jikoni wakanichukua hadi Aletsch, mto mkubwa wa barafu kuliko yote ya milima ya Alps. Treni ilitushusha kituo cha Jungfraujoch, mita 3,454 juu ya usawa wa bahari. Tukateremka mpaka Konkordiaplatz, uwanja mweupe inapokutana mito ya barafu, kisha tukaanza kupanda kuelekea Lötschenlücke, upenyo wa kupita kati ya milima.

Kupanda ndiko kulikonishangaza. Chini ya kila ski hubandikwa utepe wenye manyoya yaliyolalia nyuma. Aliyewahi kumpapasa papa atanielewa: kichwani kwenda mkiani mkono unateleza, ukiurudisha unakwaruzwa. Basi ski inakwenda mbele, hairudi. Kisigino huachwa huru, ukatembea kama uliyevaa kandambili.

Tulifungana kamba moja, mimi wa tatu, kwa kuwa theluji hufunika nyufa za barafu na aliye juu hajui anakanyaga nini. Kila mmoja alivaa redio ndogo kifuani, akifukiwa na maporomoko wenzake wamtafute kwa mawimbi yake.

Saa tano asubuhi wingu likashuka. Mbele kweupe, chini kweupe, sikujua napanda au nashuka. Kiongozi wetu, mtu wa makamo, akachomeka fimbo yake ndefu kwenye theluji. Ikazama bila kugota. Akasema turudi. Mwenzetu mmoja akanung'unika kwamba tumeshalipa. Hakumjibu, akakaza fundo la kamba tukageuka. Tulilala kwenye kibanda cha Konkordia. Kilipojengwa mara ya kwanza, mwaka 1877, barafu ilikuwa karibu yake. Siku hizi imeyeyuka na kushuka, unakifikia kwa ngazi za chuma zaidi ya 400. Magoti yangu hayajasahau.

Msimu wa kusi uliopita nilikuwa abiria wa jahazi la kwenda Tanga. Nahodha aliitazama bahari, akasema leo hatuondoki. Tukamzomea, na wa kwanza ni mimi, maana nilikuwa nawahi harusi ya binamu yangu. Nilimwita mwoga mbele ya mabaharia wake. Akatweka. Kabla ya magharibi tulikuwa tunafua maji kwa ndoo na vifuniko vya sufuria, magunia ya nazi yameshatoswa.

Sisi tulifika. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander ilipozama kule Nungwi, wengi hawakufika.

Yule kiongozi wa barafuni alikuwa na ujira wake wa siku, twende tusiende. Nahodha wetu asipotweka hana nauli, na mabaharia wake wanakula kwa deni. Ndiyo maana kelele zetu zinamshinda. Nawaomba wanaohusika na bandari: nauli iliyokwishalipwa itumike safari inayofuata, na chombo kikizuiliwa na upepo, mabaharia wapate posho ya siku hiyo. Na taarifa ya hali ya hewa ibandikwe pale tunapopandia, si ukutani ofisini.

Nahodha yule nilikwenda kumtaka radhi. Akacheka, akaniuliza harusi ilikuwaje. Nikamwambia niliikuta imekwisha.

Mkaazi wa Jadida,
Wete, Pemba