Filamu ya Tlatelolco ni ya wazazi kwanza

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja ameandika katika safu hii akitaka vyuo vizuie kuonyeshwa kwa "Rojo amanecer", filamu ya Mexico kuhusu mauaji ya wanafunzi ya mwaka 1968. Anasema inawafundisha vijana kuwadharau wazazi na kuichukia serikali. Nimeitazama filamu hiyo na binti zangu. Mimi ni mama, tena ni karani mstaafu, niliyeishi kwa mshahara wa serikali miaka yote ya kazi yangu. Kwa heshima zote, ndugu yangu huyo ameisoma kichwa chini miguu juu. Filamu hii ni ya wazazi, na wa kwanza kukalishwa mbele yake ni mzazi mtumishi wa serikali.

Kwa wasioijua, iliongozwa na Jorge Fons na ilikamilika mwaka 1989. Kisa chote ni cha siku moja, kuanzia asubuhi ya tarehe 2 Oktoba 1968 hadi mapambazuko ya kesho yake, na karibu chote kinapita ndani ya fleti moja. Fleti hiyo imo katika jengo la Chihuahua, kwenye mtaa wa maghorofa wa Tlatelolco, jijini Mexico City. Ukichungulia dirishani chini unauona Uwanja wa Tamaduni Tatu. Humo wanaishi baba, Humberto, mama, Alicia, babu ambaye ni mwanajeshi mstaafu, vijana wawili wa kiume walio katika harakati za wanafunzi, binti mmoja, na kitindamimba wao, Carlitos.

Nataka nikae kidogo kwenye kifungua kinywa, maana hapo ndipo filamu iliponikamata. Baba kavaa nguo za kazini, anawahi. Ni mtumishi wa serikali ya jiji. Anawasema wanawe kwa nywele ndefu, babu anadakia, vijana wanajibu mapigo kwa maneno ya migomo na mikutano, na mama anazunguka na vyombo akimpoza huyu na kumnyamazisha yule. Kisha baba anashusha sauti. Amesikia mambo huko kazini. Anawaonya kwamba serikali si ya kuchezewa na kwamba mkutano wa jioni hiyo wauache.

Mhariri, mwanamume yule ninamfahamu. Nimeketi naye meza kwa meza. Ofisini habari haziji kwa barua. Zinakuja koridoni, kwa dereva wa bosi, kwa mhudumu aliyepeleka chai kwenye kikao. Anayezipata hazitangazi. Anakwenda nazo nyumbani na kuwaambia wanawe wajifungie ndani. Humberto si mtu mbaya, na filamu haimdhihaki hata kidogo. Anawapenda watoto wake, na kinga anayoijua ndiyo anayowapa: kutii, kutojiingiza, kuwa na jina safi kwenye faili. Babu naye anaamini sare aliyoitumikia. Wote wawili wanadhani kwamba serikali ikija mlangoni kwao itatazama kwanza ni nyumba ya nani.

Usiku unapoingia, hakuna aliyeuliza.

Msomaji wenu asidhani haya ni ya kutungwa tu. Watumishi wa serikali walikuwa na sehemu yao katika mwaka ule, na ni kisa ambacho kila karani angepaswa kukijua. Tarehe 27 Agosti 1968 wanafunzi waliandamana kwa maelfu hadi Zócalo, uwanja mkuu wa jiji ulio mbele ya ikulu, na bendera nyekundu na nyeusi ya mgomo ikapandishwa mlingotini. Serikali ikasema bendera ya taifa imenajisiwa. Kesho yake watumishi wa ofisi za umma walitolewa makazini wakapelekwa uwanjani kuisafisha heshima ya bendera. Walifika, lakini wengi wao wakaanza kulia kama kondoo, wakipiga kelele kwamba wao ni kondoo, wameletwa, hawakuja kwa hiari yao. Makarani wenye tai wakilia "bee" mbele ya ikulu! Siku hiyo hiyo uwanja ukatawanywa na wanajeshi wenye magari ya deraya. Nilipokisoma kisa hiki nilisimama nikazunguka chumba kizima.

Na hao wanafunzi walitaka nini hata waitwe maadui wa nchi? Matakwa yao yalikuwa sita, na hakuna hata moja lililosema serikali ipinduliwe. Walitaka wafungwa wa kisiasa waachiwe. Walitaka wakuu wa polisi wafukuzwe kazi, na kikosi cha kutuliza ghasia kivunjwe. Walitaka kifungu cha sheria ya jinai kilichomwezesha mtu kufungwa kwa kosa la "kuvuruga jamii" kifutwe, majeruhi na familia za waliouawa walipwe fidia, na maofisa waliohusika wawajibishwe. Chanzo cha yote kilikuwa ugomvi wa wanafunzi wa shule mbili mwezi Julai, ambao polisi waliuzima kwa virungu hadi ndani ya majengo ya shule. Mwisho wa mwezi huo wanajeshi wakalipua kwa bazuka mlango wa mbao wa San Ildefonso, jengo la shule lenye umri wa karne nyingi. Tarehe 1 Agosti mkuu wa Chuo Kikuu cha Taifa, UNAM, Javier Barros Sierra, aliongoza maandamano yeye mwenyewe. Tarehe 13 Septemba wakaandamana kimya kimya, wengine wakiwa wamejiziba midomo, ili kuonyesha kwamba si wahuni. Siku tano baadaye jeshi likaingia chuoni na kukikalia.

Kwa nini haraka yote hiyo? Kwa sababu Michezo ya Olimpiki ilikuwa ianze tarehe 12 Oktoba na Rais Gustavo Díaz Ordaz alitaka wageni waikute nyumba imetulia. Jiji lilikuwa limepambwa kwa picha za njiwa mweupe wa amani. Wanafunzi walimchora njiwa huyo huyo akiwa amechomwa kisu cha bunduki kifuani.

Sisi Watanzania tunaijua Michezo ile kwa jina la John Stephen Akhwari, na tuna haki ya kujivunia. Alianguka, goti likaumia, akafungwa bandeji, na tarehe 20 Oktoba akamaliza mbio za marathoni akiwa wa 57, wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Nimewasimulia watoto wangu habari zake tangu wakiwa wadogo. Lakini tuikamilishe habari hiyo. Mbio zile zilianzia Zócalo, pale pale wanafunzi walipokuwa wakiandamana na makarani wakalia kama kondoo. Zilimalizikia katika uwanja wa michezo wa UNAM, chuo ambacho jeshi lilikuwa limekikalia hadi mwisho wa Septemba. Akhwari hakuwa na hatia yoyote katika hilo. Alikimbia mbio alizotumwa na nchi yake akazimaliza. Ila sisi tunaosimulia, miaka zaidi ya hamsini baadaye, hatuna sababu ya kuusifu uwanja na kuficha yaliyowapata wenye chuo.

Sasa nirudi kwenye ile fleti. Muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, mkutano ukiwa unaendelea chini na viongozi wakihutubia kutoka ubaraza wa ghorofa ya tatu ya jengo hilo hilo la Chihuahua, fataki za mwanga zilirushwa angani, helikopta ikizunguka juu. Kisha risasi. Uwanjani walikuwepo wanafunzi, wakazi wa mtaa, wachuuzi, kina mama na watoto wao. Ndani ya jengo walikuwa wamejipanga askari kanzu wa Batallón Olimpia, kikosi kilichoundwa kwa ajili ya ulinzi wa Michezo, na alama yao ilikuwa glavu nyeupe au kitambaa cheupe mkono wa kushoto. Mwandishi wa habari wa Italia, Oriana Fallaci, alikuwa ubarazani pale, akapigwa risasi.

Filamu haituonyeshi uwanja. Wapo wanaoilaumu kwa hilo, wakisema wametazama filamu ya mauaji bila kuyaona mauaji. Mimi naona huo ndio uhodari wake. Tunabaki na Alicia. Umeme umekatwa. Simu anainyanyua, kimya. Anawasha mshumaa, anausogeza mbali na dirisha, na kazi yake inakuwa moja tu: kujua nani yuko ndani na nani bado yuko nje. Milio ya risasi tunaisikia kama anavyoisikia yeye, na kila kishindo ngazini tunajiuliza kama yeye: ni mwanangu, au ni wao? Wanawe wanaporudi wamekokota wenzao, mmoja akivuja damu, haulizi ni watoto wa nani. Anatafuta vitambaa. Anajua fika kwamba kuwapokea wageni hao ni kuiweka nyumba yote hatarini, na anawapokea.

Baba anarudi usiku sana. Kule aliko hatuoneshwi, ila usoni mwake tunasoma kwamba ameyaona aliyokuwa akiyahofia asubuhi, na zaidi. Hapo sasa tazama: hamlaumu yeyote. Hasemi "si niliwaambia". Anakaa na wanawe gizani na wale vijana wasiomjua, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi wanaongea kama watu wa upande mmoja. Ndugu yangu aliyesema filamu inafundisha kudharau wazazi, wewe ulikuwa unatazama nini wakati huo? Binti yangu mkubwa, ambaye mimi na yeye tumegombana sana kuhusu mikutano ya chuoni kwao, alinishika mkono pale na hakuuachia mpaka mwisho.

Na mwisho siufichi, kwa sababu ndio unaobishaniwa. Karibu na kukucha wenye glavu nyeupe wanaingia. Vijana waliofichwa bafuni wanapatikana. Cheo cha babu hakisaidii, ajira ya baba haisaidii. Wanauawa wote isipokuwa Carlitos, aliyefichwa chini ya kitanda, na mtoto huyo anatoka mwenyewe, anashuka ngazi zenye maiti.

Msomaji wenu anasema mwisho huo umetiwa chumvi. Familia hiyo ni ya kubuniwa, kweli. Lakini kuhusu idadi ya waliokufa Tlatelolco, mpaka leo hakuna hesabu ambayo watu wote wanaikubali, na sababu ni kwamba serikali yenyewe haikutaka ihesabiwe. Wakati ule ilikiri vifo vya watu wasiofika hata hamsini na kudai kwamba wanafunzi ndio walioanza kufyatua. Gazeti la Uingereza, The Guardian, lilichapisha makadirio ya watu 325. Mwaka 2006 watafiti wa nyaraka walithibitisha vifo 44, na katika hao kumi hawakupatikana majina. Mwaka 1993 uwanjani hapo lilisimamishwa jiwe la ukumbusho lenye majina ishirini, na chini yake yameandikwa maneno kwamba wako wenzao wengi ambao majina na umri wao bado haujulikani. Nani basi atasimama kusema nyumba moja kama ile ya Humberto haimo kati ya hao wengi?

Aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wakati huo, Luis Echeverría, alikuja kuwa rais mwaka 1970. Alishtakiwa kwa mauaji ya kimbari akiwa mzee sana, mahakama ikamfutia mashtaka mwaka 2009, na akafa mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 100. Kwa hiyo lile neno la msomaji wenu, kwamba yaliyopita si ndwele, sijui analielekeza kwa nani. Kwa aliyefika miaka mia moja yalipita salama kabisa.

Tena filamu yenyewe ilipatikana kwa shida. Waigizaji na mafundi walijenga fleti ya bandia ndani ya ghala na kurekodi kwa siri, kwa sababu hata miaka ishirini baadaye hakuna aliyethubutu kuomba ruhusa ya kurekodi Tlatelolco penyewe. Ilipokwisha, wakaguzi wa serikali waliizuia. Watu wakawa wanapeana kanda zake chini kwa chini. Iliporuhusiwa kumbini mwaka 1990, tayari ilikuwa imekatwa sehemu zilizowagusa wanajeshi, na hata hivyo kumbi zilijaa, na mwaka uliofuata ikatwaa tuzo ya Ariel ya filamu bora, tuzo kubwa ya filamu nchini humo.

Watoto wadogo wasiitazame. Katika hilo namuunga mkono msomaji wenu bila kusita. Lakini mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, anapiga kura. Ningependa aitazame, na ningependa mzazi wake aalikwe aketi kiti cha pembeni, taa zikiwashwa waanze kuzungumza hapo hapo, maana mazungumzo hayo nyumbani huwa hatuyafikishi mwisho. Mmoja wetu huinuka mezani kwa hasira.

Nimesikia kwamba baadhi ya waandaaji, kwa kuogopa lawama, wanafikiria kuionyesha na kuikatisha kabla ya mlango kufunguliwa alfajiri. Nawasihi wasifanye hivyo. Waionyeshe yote au waiache. Mkasi wa wakaguzi wa Mexico ulishatosha.

Wako,
Karani mstaafu na mama wa wanafunzi