Mabinti waonyeshwe njia, si kilele pekee

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lililonikaa moyoni tangu muhula uliopita, nalo ni namna sisi wazazi, walezi na walimu tunavyowachagulia wasichana wetu wanawake wa kuigwa.

Shule moja hapa Eastlands, ambako mjukuu wangu anasoma gredi ya 8, ilimwalika binti mmoja maarufu wa mitandaoni aje kuwatia moyo wasichana. Watoto walikaa juani tangu saa nne asubuhi. Mgeni alifika saa saba kasoro robo, akazungumza kwa muda usiofika nusu saa kuhusu idadi ya wafuasi wake, gari lake na umuhimu wa kujiamini, kisha akapiga picha nao akaenda zake. Simlaumu binti huyo, kwa kuwa aliitwa akaja, na alichokuwa nacho ndicho alichotoa. Kilichonichoma ni swali la mjukuu wangu jioni hiyo tulipokuwa tukikata sukuma wiki: “Nyanya, kwani yule alianzaje?” Sikuwa na jibu, na nina hakika hata waliomwalika hawakuwa nalo.

Watu maarufu tumezoea kuwaita kioo cha jamii. Nimeutafakari sana msemo huo tangu siku ile, nikaona kwamba msichana akitazama kioo huiona sura tu, tena mara nyingi huishia kuikagua sura yake mwenyewe na kuiona ina kasoro. Anachohitaji ni mtu ambaye nyayo zake zinaonekana, ili ajue alipita wapi, alikwama wapi na alijinasuaje.

Kosa hili hatulifanyi kwa watu wa mitandaoni pekee. Tunalifanya hata kwa wanawake wanaostahili heshima zote. Picha ya Profesa Wangari Maathai imebandikwa katika kuta za madarasa mengi, na ukiwauliza wanafunzi watakwambia mara moja kwamba alipata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Ni wachache watakaokwambia kwamba mwaka 1979 ndoa yake ilivunjwa mahakamani, na kwamba kwa kusema wazi alivyouona uamuzi ule alihukumiwa kifungo cha miezi 6, akalala korokoroni siku 3 kabla ya kuachiliwa. Hawajui kwamba mwaka 1982, akiwa tayari ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu, aliacha kazi ya chuo kikuu ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na aliporudi kuiomba kazi yake akaikosa, hata nyumba ya chuo akatakiwa kuihama. Kwa hiyo mwanamke yule tunayemwona kwenye picha akiwa na tabasamu aliwahi kukaa mjini humu bila mume, bila mshahara na bila uhakika wa pa kuishi, huku ana watoto 3. Kazi ya miche aliyoianzisha mwaka 1977 ndiyo aliyoishikilia, pamoja na wanawake wa vijijini ambao hawakuwa na cheti chochote cha misitu na waliojifunza kuotesha miti kwa kujaribu, kukosea na kujaribu tena.

Naomba nikae kidogo kwenye mwaka 1989, kwa sababu sisi wakazi wa Nairobi tunaikanyaga historia hiyo kila tunapopumzika Uhuru Park. Palipangwa jengo la ghorofa 60 katika bustani ile. Silaha ya Wangari ilikuwa barua: aliziandikia ofisi za serikali, mashirika na mabalozi, moja baada ya nyingine. Alikejeliwa bungeni, na akaambiwa hadharani kwamba mwanamke wa Kiafrika mwenye adabu huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Mradi ule uliachwa, na bustani ipo. Msichana anayeishi chumba kimoja Kayole hawezi kujipatia Tuzo ya Nobel wiki ijayo, lakini barua anaweza kuiandika leo.

Nataja maneno hayo ya adabu kwa makusudi, maana wapo wazazi wenzangu wanaodhani mwanamke wa kuigwa sharti awe hajawahi kuachika, hajawahi kubishana na wakubwa wala kukosea. Kwa kipimo hicho Wangari asingepata nafasi ukutani. Mimi naona kipimo hicho kinawaumiza mabinti, kwa kuwa siku binti atakapoteleza, na hakuna asiyeteleza, ataamini kwamba ameshatoka katika kundi la wanawake wa maana.

Tunaye mwingine ambaye bado yuko mbioni. Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018, akarudi mazoezini, na leo ana dhahabu 3 za Olimpiki mfululizo katika mita 1,500. Hata hivyo, siku ninayomsimulia mjukuu wangu ni ile ya tarehe 26 Juni 2025 jijini Paris, alipojaribu mbele ya ulimwengu mzima kukimbia maili moja chini ya dakika 4 akashindwa kwa zaidi ya sekunde 6. Siku 9 baadaye alivunja rekodi yake mwenyewe ya dunia ya mita 1,500. Magazeti yaliandika yote mawili, ila mabango yanakumbuka la pili tu.

Na si lazima twende mbali. Nyuma ya ploti yetu yupo mama anayechomelea milango na grili za madirisha. Siku moja nilimpelekea kazi, nikamkuta ameshika fremu iliyopungua inchi moja. Hakumkaripia kijana aliyeikata. Alichukua utepe akapima dirisha upya, akaandika kipimo kwa chaki kwenye chuma chenyewe, kisha akafungua daftari lenye jalada la bluu na kuandika tarehe, kosa na hasara yake kwa shilingi. Aliniambia daftari hilo ni la 4, na kwamba kila mwanafunzi wake huanza kwa kulisoma kabla ya kugusa mashine. Mjukuu wangu alikuwa nami. Alisoma kurasa mbili amesimama, na njiani hakunyamaza.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba mnapoandika habari za mwanamke aliyefaulu, mtuambie pia karo yake ililipwa na nani, alianguka mara ngapi na siku zake za kawaida huendaje. Kwa walimu wakuu, ombi langu ni kwamba kabla ya kumpa mgeni maikrofoni wamuulize iwapo yuko tayari kujibu swali la “ulianzaje” bila kulikwepa.

Shule niliyoitaja inapanga siku nyingine kama ile muhula ujao. Nimeshamwandikia mwalimu mkuu barua ya kumpendekeza mama huyu wa kuchomelea, ambaye amekubali, na nimeomba wasichana wapelekwe karakanani kwake badala ya kukalishwa uwanjani, kwani kutoka lango la shule hakufiki mwendo wa dakika 10 kwa miguu.

Mwalimu mstaafu,
Kayole, Nairobi